Nilimvua Mwalimu Stara Yake Mbele ya Kamera

Jamani, nimekosa! Hakuna wa kulaumiwa ila mimi na kinywa changu.

Ujanani hapa Landani nilikuwa kwenye kundi la kufoka, wakati hip-hop ilikuwa bado ngeni na mazoezi tukifanyia ukumbi wa vijana. Mimi nilikuwa DJ, nikisugua santuri. Aliyeandika na kufoka ni Zuhura (si jina lake), binti wa Kiunguja mwenzangu. Baba yake aliamini yuko darasa la jioni!

Makundi mengine yaliiga lafudhi ya Wamarekani. Zuhura alikataa.

"Mie n'tafoka kama ninavyosema sokoni hapa hapa Landani," alisema. Alipofoka hivyo jukwaani, ukumbi mzima ulisimama. Vijana wa leo hapa wanafoka hivyo hivyo, wala hawajui ni nani aliyeanzisha.

Alipoposwa akaacha. Akaniomba neno moja tu: "Kaka, nisitiri."

Nikamsitiri miaka yote. Akawa mwalimu wa chuo cha Kurani, akisomesha watoto nyumbani kwake Walthamstow.

Mwaka huu wakaja watu wa filamu kwangu Harrow. Wakaniita mwasisi! Kichwa kikavimba. Wakauliza nani alitunga mashairi. Ningesema tu kwamba hapendi kutajwa, yakaisha. Lakini niliona wanaanza kunichoka, nami nikataka wabaki. Nikatoa picha. Nikataja jina lake, hata mtaa anaokaa. Mpumbavu mimi!

Kipande cha filamu chenye picha ile kikazunguka kwenye magrupu ya kina mama zetu: Zuhura kijana, nywele wazi, kipaza sauti mkononi. Wazazi wakawatoa watoto mmoja mmoja. Hakuna aliyemgombeza. Walimuaga kwa adabu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Nikaenda kumtaka radhi. Zamani mlangoni pake ulipita kwa kuruka viatu vya watoto. Siku ile palikuwa na jozi moja, yake.

"Nilitaka watu wakujue, Zuhura."

"Walikuwa wakinijua," akasema taratibu. "Wakiniita Mwalimu. Nishakusamehe, kaka, ila usije tena."

Filamu imeshangiliwa, naambiwa. Sijathubutu kuitazama.

Wenzangu, siri ya mtu ni amana, hata kama wewe unaiona sifa! Kabla hujafungua mdomo, jiulize: unamsifu yeye, au unajipigia debe? Mimi nilijiuliza. Jibu nilikuwa nalo, na bado nikasema.