Majani Niliyoyaanika Juani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mwaka wangu wa kwanza wa kuolewa hapa Kathonzweni, miaka ile ya sabini, nusura niwalishe watu wa nyumba yangu sumu kwa sababu ya aibu tu.

Mama mkwe alinipa kazi moja: kuhifadhi mahindi. Akanionyesha mutaa, ule mmea wa harufu kali ambao watu wa pwani huuita kivumbasi. "Uanike kivulini," akasema, "uupange katikati ya mahindi makavu, kisha ufunike vizuri." Mimi nilikuwa nimesoma mpaka darasa la saba, basi nikajiona mjuaji. Kivuli cha nini na jua liko? Nikaanika majani juu ya mabati siku tatu, yakawa yanavunjika mkononi. Mahindi nayo, kwa uvivu wangu, sikuyangoja yakauke sawasawa.

Baada ya mwezi nikafungua gunia. Wee! Ukungu wa kijani kibichi. Nililia. Halafu shetani akanishauri vibaya. Nikayaosha mahindi yale, nikayatwanga kuondoa maganda yawe muthokoi, nikachemsha na maharagwe, nikatupia majani mabichi ya mutaa ili uvundo usisikike. Watoto wa shemeji walikuwa wameshashika sahani.

Mama mkwe akanusa. "Tangu lini muthokoi unatiwa mutaa?" Akachota punje, akaipasua kwa kucha, akaona weusi ndani. Akabeba sufuria nzima akaimwaga shimoni, na mwaka ule chakula kilikuwa haba.

Nikangoja matusi. Akaketi karibu nami, nikamweleza yote, hata majani niliyoyaanika juani.

"Dawa ni ile harufu, na jua limeimaliza. Hilo hata mimi nililikosea nikiwa bibi arusi. Lakini mutaa huzuia ukungu ambao haujaingia. Ukishaingia, unauficha tu, sumu inabaki. Ungeniambia, mwana wangu, tungelala njaa pamoja."

Tukalala njaa, lakini asubuhi kila mtu aliamka mzima.

Nasikia siku hizi wasomi wanayafungia mafuta ya mimea ndani ya vichembe visivyoonekana kwa macho, yasipotee upesi. Sawa, na wayafunge! Lakini wewe, mwanangu, ukiharibu kitu sema mapema, hata uso ukiwaka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na pengine kifo chenyewe ni cha mtoto wa mwenzako.

Mungu akujalie mavuno makavu, na nyumba ambayo ndani yake unaweza kusema "nimekosa" bila kutetemeka.