Chembe Nilizosomea Kuzifuta

Kosa lilikuwa langu. Katika barua ya kwanza niliyomwandikia baba kutoka chuoni ng'ambo, nilieleza kwamba ninajifunza kunasa vitu vidogo kwa mwanga. Sisi ni watu wa Muyama, wakulima wa maharage na kahawa, lakini kila mtu kwetu anajua kwamba kule ziwani huwashwa karabai ili dagaa wafuate mwanga na kuingia wavuni. Baba, ambaye wakati huo macho yake bado yalikuwa mazima, aliisoma barua kanisani baada ya matangazo. Kufika jioni, kijiji kizima kilikuwa na hakika kwamba nimepelekwa kusomea dagaa.

Niliporudi likizo, katikati ya miaka ya tisini, mjomba alinipokea stendi ya Kasulu akaniuliza, kwa heshima zote, kama huko tunawapata wengi. Nikamjibu kwamba kwa miaka mitatu nimekuwa nikinasa punje za plastiki zinazoelea majini, ndogo kiasi kwamba bila hadubini huzioni. Akahamia kwenye habari za mvua mpaka tulipofika nyumbani. Namhurumia hadi leo.

Kilichoniuma ni baba. Macho yalikuwa yamefifia mno. Biblia aliishika kwa mazoea tu, akisoma ya kichwani.

"Nataka nione ulichokwenda kufanya," aliniambia kesho yake, mara tu tulipomaliza kupeana mwakeye, salamu yetu ya asubuhi. "Kabla macho hayajaisha kabisa. Usinisimulie. Nione."

Nikaogopa. Kazi yenyewe hata wenye macho hawaioni.

Mchana nikafunga madirisha ya sebuleni, nikatoa kalamu ya leza niliyoazima chuoni, nikaielekeza ukutani. Mbele yake niliweka kipande cha kioo nilichokuwa nimekisugua kwa mchanga hadi kikaingia ukungu, nikakibandika kwenye mota ya redio kaseti ya baba mwenyewe, ambayo hakuwa ameniruhusu kuifungua.

Nikaeleza kama mwalimu. Mwanga wa leza umepangika kupita kiasi. Ukikutana na mikwaruzo kidogo tu unajaa chembechembe, na kila chembe inayong'aa inavutia punje upande wake. Kwa hiyo tunazungusha kioo, chembe zinachanganyika, mwanga unalainika. Ndipo tunaufinyanga uwe kama pete, punje ikae katikati na kutulia.

"Kwa hiyo walikupa mwanga mzuri," baba akasema, "nawe ukauharibu."

"Kidogo tu, baba. Kwa kipimo."

"Na shahada watakupa."

Mama akacheka huko jikoni, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Kabla sijawasha mota, baba akainuka kwenye kiti. "Subiri. Hizi ni nini? Kama ulezi kwenye ungo."

"Unaona doa jekundu, baba."

"Doa naliona kama ninavyokuona wewe, limevimba, halina kingo. Nasema punje. Naziona moja moja."

Nikamwomba asogeze kichwa. Akasema zinatembea. Kweli, hutembea. Chembe hizo haziko ukutani. Hujiunda ndani ya jicho lenyewe, na ubovu wa macho hauzifichi. Jambo hilo nililijibu kwenye mtihani nikapata alama zote, na hata siku moja sikumfikiria baba.

Nikawasha mota, nadhani kwa mazoea. Kioo kikazunguka, mwanga ukalainika vizuri kuliko nilivyotarajia, nami nikaona fahari kwa sekunde kadhaa. Kisha nikamtazama baba. Alikuwa akiupapasa ukuta kwa macho.

"Zimekwenda wapi?"

"Nimezifuta, baba. Ndiyo kazi yangu."

"Ego," akaitikia taratibu. "Basi leo usifanye kazi."

Nikachomoa betri za mota. Tukakaa hapo mpaka mama alipotuita kula, baba akizitazama chembe zake, mimi nikilia mbele yake bila kujificha, kwa kuwa hakuweza kuniona.