Kipima Mvua cha Mgeni

Nakumbuka asubuhi moja ya ukame, mwanangu, nilipokuta maji kwenye chombo ambacho kilikuwa kikavu jana yake jioni, na juu hakuna wingu hata la kusingiziwa. Nilisimama pale nikaangalia chombo, nikaangalia mbingu, nikarudi kwenye chombo. Kuchanganyikiwa kule sijapata kukusahau.

Nilikuwa nimeolewa hapa Mogitu si muda mrefu. Mkoa wa Manyara ulikuwa haujazaliwa, tulikuwa bado watu wa Arusha. Ushirika ulishakufa, mbegu tunanunua kwa wafanyabiashara, kila mtu na lake. Ukipanda zikaungua na jua, hakuna wa kukupa nyingine. Nyumbani kwetu tulibaki na mfuko mmoja wa mahindi ya mbegu, na mvua ilikuwa imechelewa mno.

Ndipo akaja Daktari Hawa kutoka Dar. Watu wakampelekea watoto wenye homa, maskini, naye akawaambia yeye ni daktari wa mawingu. Alikuwa anachunguza dhoruba za huku kwetu: kwa nini wingu likipita mlima Hanang linamwaga Gehandu na kuturuka sisi, au linanyeshea shamba moja na kuacha la jirani. Aliweka kipima mvua kwenye shamba letu la juu, kopo refu lililo wazi mdomoni, akatuomba tulilinde na ng'ombe.

Mimi nilitaka jambo moja tu kwake. Nikamuuliza, "Daktari, tupande au tusubiri?"

"Sijui, dada," akanijibu.

Niliudhika, nisikufiche. Mtu kasoma mpaka nywele zinataka kuota mvi, halafu anasema hajui. Nilimwona ananinyima.

Basi asubuhi ile nikamwita. Akapiga magoti, akachungulia, akashika udongo. Karibu na kopo kulikuwa na unyevu, mbele kidogo vumbi tupu. Usiku bati letu halikulia hata tone. Yeye mwenyewe akashangaa.

Mume wangu Safari akafika, akaona maji. "Imenyesha huku juu," akasema. "Si ulisema wingu linaweza kunyeshea shamba moja? Leo tunapanda."

"Kaka Safari, subiri. Sijaelewa ninachokiona."

"Kopo ni lako, Daktari, na limeshasema."

Akashuka kufunga ng'ombe kwenye plau. Habari ikatembea kuliko upepo, na majirani wakaanza kutoa mbegu zao nje. Mimi katikati sikujua nimfuate nani. Macho yalikataa, kopo lilikubali, mume anaita, Daktari anasema tusubiri. Niliogopa kweli. Nilibeba ule mfuko kichwani huku miguu haitaki kwenda.

Mama mkwe wangu akatokea nyuma ya zizi. Mama yule hakuwa mtu wa maneno mengi, na mbele ya watu ndiyo kabisa. Akashika pembe ya ng'ombe wa mbele.

"Fungueni hao ng'ombe," akasema. "Yale maji ni yetu sisi wanawake."

Unajua desturi yetu, mwanangu: jirani akikuletea chakula kwenye bakuli, bakuli lake halirudi tupu, hata kama utaweka viazi viwili. Sasa mama aliona chombo cha mgeni kimesimama wazi shambani kwake, kitupu tangu kilipowekwa, na wapita njia wanakiona. Aliona aibu. Akasemezana na wenzake, na alfajiri wakitoka kuteka maji kila mmoja akakitilia kidogo. Walidhani wanamheshimu mgeni.

Daktari akamsogelea akainama. "Shikamoo, mama. Asante kwa ukarimu wako. Ila chombo hiki kikikaa kitupu, nayo ni habari ninayoihitaji."

"Marahaba," akasema mama. Sidhani kama alielewa, hata mimi sikuelewa vizuri siku ile. Safari akafungua ng'ombe bila kumtazama mtu, na mbegu zikarudi ndani.

Mvua ilikuja baadaye, ikaanzia Gehandu kama kawaida yake, ikatuchezea kwanza ndipo ikatunyeshea sawasawa. Tukapanda, tukavuna. Kwa nini ilianzia kule, Daktari aliondoka bado anajiuliza, nami mpaka leo nikiangalia mlima ule sina jibu.

Lakini nilimuuliza mama tukipika, "Kwa nini ulisema? Hakuna aliyewaona."

Akaendelea kusonga ugali. "Ningenyamaza, wewe ungekula nini?"

Basi sikia, mwanangu. Mtu akikuambia hajui, usimkasirikie wala usimlazimishe akutafutie jibu la kukufurahisha. Huyo amekuheshimu kuliko anayebahatisha. Wewe nawe usijaze pengo la mwenzako kwa sababu unaona aibu kuliona wazi. Na kama mkono wako umeshaingia mahali, hata kwa nia njema, sema mapema, sema mbele ya hao hao watakaoumia, hata kama uso utawaka moto.

Mungu akujalie moyo wa yule mama. Shamba lako lisikose kitu, na siku utakapokosea, akukutanishe na watu wa kukuamkia shikamoo kama Daktari yule.