Mume wangu alisinzia shambani, nami nikamwita kupe

Admin, nifichie jina. Mimi ni bibi wa miaka sabini na sita, mjane, naishi Somanda kwa mwanangu wa pekee. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja; kusoma nilijifunzia kwenye kisomo cha watu wazima. Mnaotaka kunitukana tukaneni, ila mmalize kusoma kwanza.

Miaka ya Ujamaa tulibomoa nyumba yetu upande wa Kasoli, tukahamia kijiji kipya. Mume wangu alikuwa na shingo nene na nguvu za kuangusha dume la ng'ombe. Lakini akilala! Alikoroma mpaka majirani wanalalamika. Halafu ghafla kimya, pumzi imekatika, kifua kinahangaika, kisha anashtuka na kuvuta hewa kama mtu aliyeopolewa kisimani. Nikimwekea mkono kifuani, moyo unakimbia kama wa mtu anayefukuzwa na fisi. Asubuhi kichwa kinamuuma, na jua halijawa kali amesinzia juu ya jembe kwenye shamba la pamba la kijiji.

Wanawake wenzangu walinicheka. Nilimchukia, sifichi. Siku moja aliniambia kwa upole, "Mke wangu, nalala lakini sipumziki. Sijui nina nini."

Nikamjibu, "Una uvivu."

Nilikuwa na mimba, mikono imechubuka kwa kulima sehemu yangu na yake. Nikaenda peke yangu nyumbani kwa mwenyekiti wa kijiji. Nikamwambia, "Unatafuta wanyonyaji? Kupe yuko kwangu. Mfanyishe kazi." Kesho yake mume wangu akapewa adhabu ya kuchimba shimo la choo cha shule, peke yake, wiki nzima. Hakujua ni mimi. Siku ya nne, mchana, alianguka humo shimoni. Walipomtoa alikuwa ameshakata roho.

Msibani shemeji zangu walifura. Mwenyekiti akasema mbele ya watu, "Mke wake mwenyewe ndiye aliyenifuata nimwadhibu." Alikuwa anasema kweli. Nikamtemea mate miguuni na kupiga yowe, "Umeniulia mume, sasa unanisingizia!" Nani asingemwamini mjane mwenye tumbo la miezi saba? Watu wakawapiga mawe, yeye na mkewe, nao wakakimbilia Maswa. Alifia huko, na watoto wake hawajarudi hadi leo.

Mwanangu nimemlea kwa chuki hiyo. Nilimwambia, "Baba yako alikuwa mzima kama chuma, mwenyekiti akamuua kwa roho mbaya." Ukitaja ukoo ule mbele yake anatema chini.

Sasa ana miaka hamsini, ni dereva wa lori la pamba. Anakoroma vile vile, anakata pumzi vile vile. Mwezi uliopita alisinzia kwenye usukani, lori likaacha njia. Nikaenda naye hospitali. Daktari alitueleza kwamba koo linaziba akiwa usingizini, hewa inakatika, mwili unadhani unakufa. Kuna mishipa ya fahamu inayouendesha moyo bila sisi kuuamuru. Akasema wakati wa kulala mishipa hiyo ilipaswa kuutuliza moyo, lakini kwa mwanangu inauchapa kama ng'ombe wa kukokota plau, na hata mchana hailegei. Ndiyo maana presha haishuki na mapigo yanaruka. Anatakiwa avae mashine ya kusukuma hewa kila anapolala, na aache kuendesha kwa sasa.

"Kuna ndugu aliyekuwa hivi?" daktari akauliza.

Mwanangu akadakia, "Hakuna! Baba aliuawa na mtu, hakuwa mgonjwa. Sisi ni watu wa nguvu. Hiyo mashine sivai."

Daktari akanigeukia. "Mama, marehemu alikuwa analalaje?"

Nikasema, "Alilala vizuri."

Ndugu zangu, nimesema hivyo kwa mdomo huu! Na jana mwanangu amewasha lori akaenda zake Shinyanga. Nikimweleza kwamba baba yake alikuwa hivi hivi, itabidi nimweleze na mengine yote, na ile chuki niliyompandikiza itanigeukia mimi. Ataniondoa kwake, najua. Nikinyamaza, nitamzika. Msiniambie nisali, nimesali miaka hamsini. Niambieni akirudi nimkalishe vipi, na nianze na neno gani?