Nusu ya Gauni Kwenye Kundi la Ukoo

Dada yangu ni fundi cherehani. Hajui kuchora ua wala nyumba. Anajua kuchora nguo kabla haijawa nguo, kwa chaki, mezani. Binti yake alikulia chini ya meza hiyo. Walipogombana kwa sababu ya mwanamume ambaye binti alimpenda, akafunga mizigo akahamia mbali, na tangu hapo hajamjibu mama yake hata salamu. Kwenye kundi letu la ukoo la simuni yumo, ila kimya.

Mimi ndiye niliyegundua kwamba kwenye kundi mtu anaweza kuchora kwa kidole. Nikatuma mbuzi, kaka mkubwa akauliza kama ni meza. Basi ukoo mzima ukaacha kuandika, kazi ikawa kuchorachora tu.

Asubuhi moja binti akatuma mchoro bila neno. Upande mmoja mstari umenyooka, upande wa pili umepinda ukaingia ndani. Shemeji akasema ni jiko. Mimi na kiherehere changu nikasema ni ramani ya kiwanja. Dada hakuandika kitu, nikamfuata dukani kwake.

Nilimkuta anageuza simu juu chini.

"Hivi ananitukana?"

"Kwa jiko?"

"Jiko gani, wewe. Hii ni nusu ya gauni. Kitambaa unakikunja, unakata nusu. Lakini shingo hii na bega hili, si vya mtu mzima. Ni vya mtoto. Sasa mtoto wa nani?"

"Labda kapata mteja."

"Yule? Alikuwa hataki hata kuiona cherehani."

Nilichanganyikiwa kuliko yeye. Nikamwambia amuulize.

"Nikiuliza vibaya nitampoteza kabisa, mdogo wangu. Maneno yangu ndiyo yaliyomfukuza."

Akakaa kitako. Kisha akachora kwa kidole: nusu ileile ya gauni, mstari wa kipimo kifuani, na alama ya kuuliza.

Jibu halikukawia. Ulikuwa mchoro wa kiganja kidogo, mistari imeyumba, kama mtu aliyezungushia mkono usiotaka kutulia.

Dada akaweka simu juu ya kiganja chake. Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

"Kwa kiganja hiki, huyu ameshaanza kukaa," akasema. "Labda anatambaa. Kazaliwa lini, na mimi bibi yake nipo?"

Aliniuliza mimi, kana kwamba najua.