Maji ya Vifaranga wa Jibondo

Juzi nilikwenda ofisi ya mifugo Kilindoni kuuliza kwa nini kuku wangu anakula mayai yake. Mbele yangu mwanamke wa kisiwa cha Jibondo aliweka kapu mezani. Ndani mlikuwa na vifaranga watatu, wamelegea, wenzao watano walishakufa.

"Wanakula nini, mama?" akauliza bwana mifugo, mtu wa bara anayevaa gambuti jua likiwaka.

"Vichwa vya samaki wa chumvi. Mbona mwenyewe navila?"

"Chumvi inawaua! Na maji?"

"Kifuniko cha soda asubuhi, kingine jioni."

"Vifaranga wanane?"

"Mwanangu, kwetu maji yanakuja kwa mashua. Hicho kifuniko chenyewe nakitoa kwenye ndoo ya wajukuu."

Bwana mifugo aliifungua chupa yake ya maji. Akamimina kidogo kwenye kisosi. Vifaranga wakanywa, mmoja akalia. Mwanamke hakuwatazama. Alitazama chupa.

"Yaliyobaki utayafanyaje?"

Akapewa. Akaipakata chupa, kapu akanishikisha mie. Ulimi ninao, lakini sikujua nimwambie awape nani, vifaranga au wajukuu. Swali langu la mayai nimerudi nalo nyumbani.