Tangazo lililosema saa kumi

Leo shangazi hakumzika kaka yake, na kosa ni langu.

Msiba ni wa baba, hapa Kalenga. Wengine tuliwapigia simu. Shangazi nilimtumia linki ya tovuti niliyoutengenezea ukoo. Sifa tu!

Niliingiza 10:00, yaani saa nne asubuhi. Seva ikapunguza saa sita ili isomeke Kiswahili. Sawa. JavaScript, programu ya ukurasa kwenye simu yake, ikapunguza sita tena, nne ikarudi nyuma hadi saa kumi. Programu zote mbili nimeandika mimi.

Kafika saa tisa, akakuta mashada yameshawekwa.

"Mwanangu, pale Igowole magari mawili yaliondoka nayaangalia. Nikasema bado mapema."

Nimefuta ule mstari wa JavaScript unaopunguza sita. Sasa tovuti inasema saa nne.

Hajanilaumu. Jamani, asiyekulaumu unamwombaje msamaha?